Kilo Mia Tatu Kamili

Jumanne hiyo, saa tatu kasorobo asubuhi, karani wa kumbukumbu katika Idara ya Samaki Wakubwa alikuwa amepiga magoti akisukuma kipande cha kadibodi chini ya mguu mfupi wa meza yake. Meza hiyo ilikuwa ikiyumba tangu aajiriwe, miaka kumi na tisa iliyopita. Kadibodi ilibidi ibadilishwe kila mwezi, kwa sababu mfagizi aliipiga deki pamoja na sakafu. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, na daftari la kwanza kati ya madaftari thelathini na saba yaliyopandishwa jana kutoka stoo ya chini yakiwa na vumbi la kutosha kuoteshea mboga.

Upande wa pili alikaa mtafiti, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani usoni na nyingine ya akiba kichwani. Kazi iliyomleta ilielezeka kwa sentensi moja. Alitaka kujua samaki wakubwa wa baharini walikuwa wangapi zamani, ili ajue hawa waliobaki leo ni sehemu gani ya wale. Zamani hakuna aliyewahesabu baharini. Yalikuwepo tu haya madaftari ya gatini, ambamo mpima mizani aliandika kila samaki aliyeshushwa: aina, tarehe, uzito, na chombo kilichomleta. Bahari huwezi kuiuliza ikakujibu, lakini daftari angalau limenyamaza kwa mpangilio.

"Nitasoma kwa sauti, wewe uandike kwenye kompyuta," mtafiti alisema. "Mtu mmoja akisoma na kuandika mwenyewe, jicho linaruka mstari."

"Sawa. Ila kabla hatujaanza, dada, ujue kwamba huu mwandiko ni wa baba yangu."

Mtafiti aliinua uso. "Mzee Chumvi?"

"Ndiye huyo huyo."

Ilibidi aseme mapema, maana asingesema yeye angesema mwingine, na huyo mwingine angecheka. Miaka thelathini iliyopita, mkurugenzi wa sasa alikuwa ofisa mgeni kazini mwenye tai moja tu. Alifungua madaftari haya akakuta kwamba katika mwaka mmoja mpima mizani alikuwa ameandika samaki arobaini na mmoja wenye kilo mia tatu kila mmoja. Si mia mbili tisini na tisa, wala mia tatu na moja. Mia tatu kamili, mara arobaini na moja. Ofisa akasema samaki si matofali, hawatoki kwenye kalibu. Akahitimisha kwamba mzee alikuwa akitia chumvi, na akatunga kanuni: kila uzito wa zamani ugawanywe kwa tatu kabla ya kutumiwa. Kanuni ikampatia tai ya pili, kisha chumba chenye feni, kisha jengo zima.

Kanuni hiyo ilikuwa na jina rasmi, na jina hilo limechapishwa mpaka leo: Kigawanyo cha Chumvi. Ukishagawanya kwa tatu, samaki wa zamani wanalingana kwa uzito na wa leo, na mchoro unanyooka kama ubao wa kupigia pasi. Kwa hiyo kila mwaka Idara ilitangaza kwamba bahari iko vilevile, haijapungua wala haijaongezeka, na kila mwaka ilitoa vibali vya meli.

Karani alikua na kigawanyo hicho. Shuleni walimwita binti Chumvi. Siku ya harusi yake mshereheshaji aliomba idadi ya wageni igawanywe kwa tatu ndipo chakula kipakuliwe, na bwana harusi akacheka mpaka akashika tumbo. Karani naye alicheka, maana bi harusi afanyeje, lakini hakusahau. Aliomba kazi katika Idara kwa sababu moja tu, ambayo hakuiandika kwenye barua ya maombi: siku moja ile kanuni ifutwe, na ifutwe wakati baba yake bado ana masikio ya kusikia. Mzee sasa alikuwa na miaka themanini na sita. Tangu mwezi uliopita alikuwa ameanza kugawa mashati yake.

"Tuanze," alisema karani.

"Jodari," alisoma mtafiti. "Tarehe nne. Kilo mia mbili na kumi na nane."

Karani aliandika, akabonyeza kitufe, na jodari akatoka nyuma ya kabati la mafaili. Alielea hewani kwenye kimo cha meza huku akichuruzika maji ya bahari. Alipinda taratibu asije akagonga printa, akatoka mlangoni, akaenda kusubiri kwenye korido mbele ya mizani kuukuu ya gati, ambayo siku hizi iliwekewa ua la plastiki.

Mtafiti alibadilisha miwani. "Huwa wanakuja hivi?"

"Sijui. Hatujawahi kuyasoma kwa sauti."

Walitoka wakaondoa ua la plastiki. Jodari akajilaza kwenye sinia la mizani, na mshale ukaenda mpaka mia mbili na kumi na nane, ukatulia. Mtafiti akaweka alama ya vema pembeni ya mstari. Jodari akashuka, akasogea kando karibu na mtungi wa maji ya kunywa, na wao wakarudi mezani kusoma mstari wa pili.

Kufikia saa sita walikuwa wamesoma mistari ishirini na sita, na korido ilikuwa na samaki ishirini na sita: jodari, papa, na nduaro wenye pua ndefu kama mikuki, ambao ilibidi waelekezwe wageukie ukutani kwa usalama wa watumishi. Wote walipimwa. Hakuna aliyezidi wala kupungua hata nusu kilo.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mlinzi. Alipanda ngazi na kitabu cha wageni kwapani, amenuna.

"Hawa hawakupitia getini," alisema.

"Wametoka ndani," karani alimjibu.

"Kutoka ndani ni kutoka. Mimi nauliza kuingia."

Mwishowe aliwaandika mwenyewe, mmoja mmoja. Kwenye safu ya anayekwenda kuonwa aliandika "Karani", na kwenye safu ya sababu akaandika "Kupimwa". Safu ya saa ya kutoka ilibaki wazi, na jambo hilo lilimnyima raha kwa wiki kadhaa. Mfagizi naye alisimama mwisho wa korido, mkono kiunoni, akatazama maji yanavyotiririka kuelekea chumba cha mikutano. Alisema yeye aliajiriwa kwa vumbi, na maji ya bahari hayamo kwenye mkataba wake. Akapewa mabuti ya mpira, akakubali kwa shingo upande.

Alasiri wakafika kwenye ukurasa uliomzalia mzee jina lake.

"Nduaro," alisoma mtafiti, na sauti yake ilipungua kidogo. "Tarehe kumi na saba. Kilo mia tatu."

Nduaro huyo hakuweza kutoka nyuma ya kabati. Kabati ndilo lililotoka kwanza, likasogea hadi katikati ya chumba, naye akafuata. Kwenye mizani, sehemu kubwa ya mwili ililala kwenye sinia na mkia ukafika kwenye mlango wa mhasibu. Mshale ulikimbia mpaka mia tatu, ukagonga kijiti cha chuma, ukakaa hapo ukitetemeka.

Mtafiti aliinama. Akavaa miwani yote miwili pamoja.

"Dada. Mizani hii inaishia mia tatu."

Karani alitazama. Baada ya mia tatu hapakuwa na namba. Palikuwa na kijiti cha chuma, na baada ya kijiti palikuwa na jina la kiwanda. Alikuwa amepita mbele ya mizani hiyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa, akilimwagilia maji lile ua la plastiki kwa mazoea. Wakarudi kwenye daftari. Pembeni ya kila mia tatu kulikuwa na nukta ndogo ya wino. Nukta hizo karani alizijua tangu utoto, na siku zote alidhani kalamu ya baba yake ilikuwa ikivuja.

Hakusubiri kazi iishe. Aliomba ruhusa ya nusu saa, akaenda nyumbani kwa mwendo wa watu wanaowahi benki. Baba yake alikuwa barazani akikaza misumari ya kiti ambacho hakikuwa kimelegea.

"Shikamoo, baba. Zile nukta kwenye daftari ni za nini?"

"Marahaba. Nukta ni kusema mizani imeisha, samaki bado."

Karani alikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa kimepinduliwa. "Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza nukta ni nini. Waliniuliza kama nadanganya. Nikasema sidanganyi. Wakaandika kwamba mtuhumiwa amekana." Mzee aligonga msumari mwingine. "Mimi nilikuwa mpima mizani, mwanangu. Mizani ikisema mia tatu, nani mimi niseme mia nne? Ningeandika ninachokadiria kwa macho, hapo ndipo ningekuwa mwongo."

Ndiyo hivyo, basi. Mtu aliyesemwa miaka thelathini kwamba anazidisha, kumbe kwa samaki wake wakubwa kuliko wote alikuwa akipunguza, tena kwa uaminifu. Karani alitaka kulia na kutukana kwa wakati mmoja. Kwa kuwa alikuwa mbele ya mzazi, hakufanya lolote kati ya hayo.

Kesho yake walisoma kwanza mistari yote ya nukta, kisha wakaazima mizani kutoka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mizani ya kupimia injini za magari, inayofika tani mbili. Mnunuzi aliileta mwenyewe akaisimamia, maana hakuwaamini watu wa serikali. Samaki arobaini na mmoja wa nukta walipanga foleni kuanzia mlango wa mhasibu, wakashuka ngazi, wakazunguka uani hadi kwenye maegesho ya baiskeli. Mdogo wao alikuwa na kilo mia tatu na sita. Mkubwa wao alikuwa na mia tano sabini na moja, na ilibidi dirisha la ngazini litolewe fremu ili ageuke.

Alhamisi mzee alikuja mwenyewe. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua nne, na samaki walisogea ukutani kumpisha. Aliwatambua. Kwa mmoja alisema, "Wewe ulishushwa siku ile ya mvua, kamba ikakatika." Kwa mwingine alisema, "Nahodha wako alikuwa mbishi." Akawekewa kiti koridoni, akafungua daftari magotini, akatoa penseli mfukoni, na pembeni ya kila nukta akaandika uzito uliokuwa ukikosekana. Alipofika kwa yule wa mia tano sabini na moja alivua kofia.

"Uniwie radhi," alimwambia. "Nilikupunja."

Samaki alifungua mdomo, akaufunga. Mzee akaendelea na ukurasa.

Mtafiti hakulala vizuri siku hizo, kwa furaha na kwa huzuni. Alichora mchoro wake upya bila kigawanyo, na mchoro haukunyooka tena. Ulianza juu karibu na kichwa cha karatasi, ukashuka, ukazidi kushuka, hadi ukawa unatambaa kwenye ukingo wa chini. Katika kila samaki wakubwa ishirini wa enzi za mzee, leo baharini alikuwa amebaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa mdogo. Akaandika ripoti ya kurasa nane. Pendekezo lake lilikuwa neno moja lililorefushwa kwa adabu: acheni.

Mkurugenzi alirudi Ijumaa ya wiki ya tatu kutoka kwenye warsha. Alipita koridoni akiinama chini ya mapezi na kusalimia kulia na kushoto, kwa sababu alikuwa mtu wa watu. Akaingia ofisini kwake, akasoma ripoti yote, kisha akaitisha kikao.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano, ambamo papa mmoja alikuwa ameshachukua upande wote wa dirisha. Mkurugenzi alikaa mwanzo wa meza, mtafiti katikati, na karani mwisho akiandika kumbukumbu, kama ilivyo kazi yake. Alitarajia vita, na alikuwa amejiandaa kwa vita. Kwenye mkoba alikuwa na daftari, cheti cha mizani ya chuma chakavu, na sahihi ya mnunuzi.

"Nimesoma," alisema mkurugenzi. "Nimeridhika. Kigawanyo kifutwe."

Karani aliacha kuandika.

"Nilikuwa kijana," mkurugenzi aliendelea, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Nilimkosea mzee. Uzito ni sahihi, na ule wa nukta ulikuwa hata zaidi. Tumwandikie barua ya kumsafisha jina, yenye muhuri. Leo hii hii." Kisha akafungua faili jingine. "Sasa nije kwenye idadi. Mmesoma samaki wangapi mpaka sasa?"

"Elfu moja mia moja na arobaini," alisema mtafiti.

"Wako wapi?"

"Humu. Koridoni, ngazini, uani. Wengine stoo."

"Basi bahari ina samaki wakubwa elfu moja mia moja na arobaini ambao hatukuwa nao mwezi uliopita."

Mtafiti aliweka kalamu chini. "Mheshimiwa, hawa ni samaki wa miaka sitini iliyopita. Walishavuliwa. Walishaliwa."

"Mama, wapo au hawapo?"

"Wapo, lakini—"

"Karani, andika: wapo."

Karani aliandika, kwa kuwa papa alikuwepo pale, akipumua nyuma ya shingo ya mkurugenzi, na asingeweza kuandika kwamba hayupo. Mkurugenzi akaeleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu, kwamba vibali hutolewa kulingana na samaki waliohesabiwa. Mwaka jana walihesabiwa wachache. Mwaka huu wamehesabiwa wengi, tena wakubwa, wamepimwa mbele ya mashahidi kwa mizani ya tani mbili. Meli kumi na mbili zilizokuwa na vibali zitakuwa arobaini. Mtafiti alikataa kutia sahihi. Mkurugenzi akasema hakuna shida, wataweka jina lake kwenye ukurasa wa shukrani. Waliliweka, na walilikosea.

Saa tisa barua ikawa tayari. Karani aliisoma peke yake kwenye chumba cha mafaili, kati ya jodari wawili. Idara inakiri kwamba aliyekuwa mpima mizani wa gati aliandika kweli tupu kwa muda wote wa utumishi wake, na inamwomba radhi yeye na familia yake. Familia yake: hayo maneno yalikuwemo. Karani alilia mpaka kamasi zikamtoka. Alilia kwa ajili ya shule, kwa ajili ya harusi, na kwa ajili ya kila mara aliyocheka pamoja na wanaomcheka. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote alizowahi kuzipata, na alijua kwamba barua ina ukurasa wa pili.

Baba yake aliisikiliza akiwa amekaa kwenye kile kiti cha misumari mingi. Ukurasa wa kwanza uliposomwa alitikisa kichwa kidogo, akasema, "Haya," na baada ya kitambo akasema tena, "Haya." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Sasa nisomee huo mwingine. Nauona mkononi."

Akamsomea. Meli arobaini, kwa msingi wa takwimu za kuaminika zilizoandikwa na mzee huyo huyo. Kwa heshima yake, mpango mzima umepewa jina lake.

Mbwa wa jirani alibweka, akaacha.

"Chukua karatasi," mzee alisema. "Andika kwamba nilidanganya."

"Baba!"

"Andika. Nilikuwa natia chumvi. Samaki walikuwa wadogo, nikawakuza ili nionekane mtu. Nitatia dole gumba."

"Miaka thelathini, baba! Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye ile meza inayoyumba nikisubiri hiki kikaratasi! Unajua walikuwa wananiita nani?"

"Najua. Na mimi nilikuwa naitwa hivyo hivyo." Hakuwa amekasirika. "Mwanangu, mimi nimebakiza muda mchache. Kuwa mwongo kwa muda mchache nitaweza, nimeshazoea. Wewe ndiye utakayebaki nalo jina, na ndiyo maana nakuomba wewe. Singemwomba mtu mwingine."

Hakuna neno lililowahi kumuuma karani kama hilo la kuombwa. Angeamrishwa angekataa. Akachukua karatasi, akaandika alichoambiwa, neno kwa neno, kwa mwandiko ambao watu husema unafanana na wa baba yake. Mzee akatia dole gumba. Walitumia wino wa kalamu moja iliyokuwa ikivuja kweli.

Jumatatu asubuhi karani alimpelekea mkurugenzi karatasi hiyo. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaonekana kuguswa kweli.

"Unyenyekevu ulioje," alisema. "Watu wa zamani."

"Si unyenyekevu, mheshimiwa. Ni ungamo. Anaomba kigawanyo kirudishwe."

"Karani, serikali haiwezi kumwita mzee wa watu mwongo mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa kosa. Ya pili itakuwa ukosefu wa adabu." Akaigonga karatasi muhuri wa "Imepokelewa" na kumrudishia. "Mwambie atakuwa mgeni rasmi wa kuzindua meli. Tutamtumia gari."

Walimtumia gari. Gatini kulikuwa na maturubai, viti vya plastiki, na meli arobaini zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kila moja ndefu kuliko jengo la Idara. Siku hiyo samaki waliachwa ofisini chini ya uangalizi wa mfagizi, ambaye alikuwa amewazoea na sasa aliwapiga deki pamoja na kila kitu. Mzee alivaa shati moja kati ya mawili aliyobakiwa nayo. Mkurugenzi alimshika mkono hadi kwenye kipaza sauti, akamtambulisha kama mtu mkweli kuliko wote waliowahi kusimama kwenye gati hilo. Karani alikuwa safu ya mbele na daftari lake la kumbukumbu.

Mzee alikisogelea kipaza sauti mpaka kikapiga mluzi.

"Mimi ni mwongo," alisema. "Wale samaki hawakuwa wakubwa namna hiyo. Na wengi wao hawakuwepo. Msiende."

Kicheko kilianzia kwenye viti vya wageni waalikwa, kikaenea hadi kwa mabaharia waliokuwa juu ya meli. Walicheka kwa mapenzi, kama watu wanavyomcheka babu anayekana kuwa aliwahi kuwa mtanashati. Mtu akapiga kelele, "Mzee Chumvi!" na jina hilo, kwa mara ya kwanza, likashangiliwa. Mzee alirudia kwamba hatanii. Wakacheka zaidi, wakasimama, wakapiga makofi. Mkurugenzi alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya tai, akamwekea mkasi mkononi, akaushika mkono wake mkavu kwa vidole vyake mwenyewe, na utepe ukakatika. Meli zikapiga honi kwa zamu, kuanzia kushoto.

Alasiri hiyo karani alikaa kwenye meza yake, akachapa kumbukumbu za uzinduzi. Aliandika hotuba ya mgeni rasmi yote, maneno yote, pamoja na "Msiende", na akaipeleka ikahakikiwe. Ilirudi baada ya dakika kumi ikiwa na sahihi ya mkurugenzi. Hakuwa amefuta hata neno. Baada ya hotuba alikuwa ameongeza tu, kwa wino mwekundu na ndani ya mabano: kicheko, makofi.

Karani aliyachapa maneno hayo mahali pake, kisha akaitazama kwa muda mrefu nyongeza hiyo, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Nyuma yake jodari wa kwanza alipita taratibu kuelekea kwenye mtungi wa maji. Kicheko kilikuwepo kweli, na makofi yalikuwepo. Alivisikia kwa masikio yake. Akaviacha kama vilivyo, akaliweka faili kabatini.